Miche ya magnolia kutoka kitalu cha Kampala

Mwaka 2021 nilinunua miche miwili ya magnolia, mti wa maua, katika kitalu kimoja cha kando ya barabara mjini Kampala, nikaipanda nyumbani kwangu Fort Portal, baada ya muuzaji kunihakikishia kwamba yote ilikuwa imebebeshwa, yaani kipande cha mti mwingine wa magnolia kimeunganishwa kwenye shina la mche. Mmoja umekwisha kuchanua. Wa pili una majani tu.

Mashina yalinieleza sababu. La kwanza lina kovu la mshazari, shubiri moja kutoka ardhini, mahali ulipobebeshwa. La pili ni laini kuanzia chini hadi juu, dalili kwamba ulitoka kwenye mbegu, na Magnolia grandiflora (aina hii ya magnolia) ya mbegu huweza kukaa miaka 10 hadi 20 kabla ya kutoa ua la kwanza, ilhali iliyobebeshwa huweza kuchanua baada ya miaka michache tu. Kosa hilo naliona zito, kwani nililipa bei ile ile kwa yote miwili.

Hata hivyo miche ilikuwa na afya. Mizizi haikuwa imejizungusha ndani ya kiriba, jambo kubwa kwa mti huu wa asili ya kusini-mashariki mwa Marekani, ambao mizizi yake minene haipendi kusumbuliwa. Na ua lenyewe! Jeupe, pana kama sahani ya wali, lenye harufu ya limau iliyofika hadi barazani.

Atakayenunua huko aombe kuoneshwa kovu kabla ya kutoa pesa. Mche wangu wa pili sitaung'oa.