Tahadhari: wanaouza "nafasi za sheria" kwa waliomaliza kidato cha sita

Assalaam alaykum. Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kwenye magurupu ya WhatsApp ya Unguja na Pemba huibuka watu wanaojiita mawakala wa udahili. Maneno yao hayabadiliki: tuma index namba (namba yako ya mtihani) na pesa, utasoma sheria hata kama pointi hazikutosha. Tafadhalini, msitume.

Kwa waliomaliza kuanzia 2016, kima cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kuingia shahada ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinafika, C na E pia zinafika, E mbili hazifiki. Chuo chenyewe kinaweza kutaka zaidi ya hapo kwa sheria, na kutaja masomo kinayoyakubali. Majina ya waliochaguliwa hupelekwa TCU kuhakikiwa, na alama zinatoka NECTA (Baraza la Mitihani), si kwa wakala. Asiyefikisha apitie diploma. Ni njia ndefu lakini ni ya halali.

Wengine wanawauzia vijana wa kidato cha sita nafasi ya Law School ya Dar es Salaam. Huo ni uongo wa wazi. Ile ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na inapokea waliokwisha kupata shahada ya sheria.

Kinachotutia khofu kuliko pesa ni akaunti. Wakala akishapata index namba yako anakufungulia maombi kwa namba yake ya simu na barua pepe yake. Mifumo mingi ya vyuo haikubali index moja isajiliwe mara mbili, basi ukija kuomba mwenyewe unakuta umeshasajiliwa. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, TCU inatuma namba ya siri ya kuthibitisha kwa ujumbe wa simu, na simu hiyo ni yake. Hapo ndipo anapodai "pesa ya kuthibitisha", huku siku zinakwisha. Usipothibitisha kwa wakati, nafasi inaweza kukuponyoka nayo ni haki yako.

Angalieni pia barua ya udahili wanayotuma. Mara nyingi ni picha tu: nembo imefifia, jina lako limeandikwa kwa herufi tofauti na maandishi mengine, na chini kuna namba ya simu ya kulipia. Ukitaka kulipa, kabla hujaweka namba ya siri ya pesa za simu, simu inakuonesha jina la mpokeaji. Likitokea jina la mtu binafsi, simamisha hapo hapo. Malipo ya chuo huanzia ndani ya akaunti yako ya maombi, si kwenye gurupu.

Walio Wete, Chake au Mkoani ndio wanaonaswa zaidi, kwa sababu kupanda boti hadi Unguja kuuliza ni gharama. Lakini maombi yanajazwa kwa simu ukiwa nyumbani, moja kwa moja kwenye tovuti ya chuo, na mwongozo wa TCU unapakuliwa bure. Ukimuomba kaka au dada akusaidie kujaza, namba ya simu, barua pepe na nenosiri viwe vyako.

Aliyekwishatuma pesa asiongeze hata shilingi. Piga kampuni ya simu saa ile ile uombe muamala uzuiwe, kisha ripoti namba ya tapeli kwa 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Usifute meseji, piga picha za skrini, pamoja na risiti ya muamala, upeleke polisi. Kwa akaunti, nenda ofisi ya udahili ya chuo au waandikie, ukiambatanisha matokeo na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, uombe simu na barua pepe zibadilishwe. Fanya hivyo kabla dirisha la udahili halijafungwa.