Kamera ya mbao ya 4x5 kwa jua la Mombasa, yafaa?

Hii ni ile kamera ya kukunja ya mbao, filamu ya kipande kimoja kimoja, inchi 4 kwa 5, niliichukua sekondhendi na lenzi ya mm 150 na kwa picha za mandhari wallahi yafaa. Mibuyu ya Mama Ngina ukiipiga na kamera ya kawaida ukainua juu yatokea kama yaanguka nyuma, lakini hapa mwili wa kamera wabaki wima, wapandisha lenzi peke yake na mti wasimama sawa mpaka matawi. Ukiinamisha lenzi mbele kidogo, mawe ya miguuni na meli kule mbali vyote vyatoka safi. Kwa kile kioo cha nyuma cha kutazamia, picha iko juu chini, hiyo utazoea, ila vijana wakikuona umejifunika kitambaa cheusi watakuuliza wapima shamba la nani.

Sasa ubaya. Chini ya kitambaa ni jasho tupu, kioo chashika mvuke wa pumzi, na kusi ikivuma ule mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na kioo wapepea kama tanga, so stendi iwe nzito. Holda, yaani kishikio cha filamu unachochomeka nyuma ya kamera, moja yabeba filamu mbili tu, moja kila upande. Mimi natumia Ilford FP4 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe ya ISO 125, nasafisha mwenyewe nyumbani na dawa nataka iwe digrii 20 wakati maji ya bomba huku ni ya uvuguvugu mchana kutwa, kwa hivyo bajeti ya barafu weka kabisa. Kama kazi yako ni harusi, hii achana nayo.