TAHADHARI: Miswaki ya umeme feki inayouzwa mtandaoni hapa Dar inaumiza fizi za watu

Ndugu zangu, naomba mlisome hili mpaka mwisho, na kama nyumbani kuna mzazi au mdogo wenu anayependa kununua vitu mtandaoni, mtumieni.

Kuna watu wanauza miswaki ya umeme bandia kwa majina makubwa, hasa Oral-B na Philips Sonicare. Kwenye ukurasa wanaweka picha ya mtu aliyevaa koti jeupe, bei elfu 45, "ofa ya leo tu mpendwa". Ukiuliza duka liko wapi unaambiwa Kariakoo, njoo Msimbazi ukifika piga. Ukifika, simu haipokelewi. Pesa wanataka itumwe kwenye namba ya mtu binafsi, si Lipa Namba, na jina linalokuja kabla hujaweka namba ya siri halifanani hata kidogo na jina la ukurasa. Mzigo unaletwa na bodaboda ambaye naye, maskini, kakabidhiwa boksi barabarani na hajui lolote. Walioko mikoani wengine hutumiwa picha ya risiti ya basi, wakienda stendi hakuna mzigo. Ukilalamika, unablokiwa.

Mimi ni tabibu wa meno, nipo kliniki moja upande wa Ilala. Ingekuwa suala ni elfu 45 peke yake nisingeandika. Kilichonifanya niandike ni mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Tabata. Vidole vyake vimekazwa na baridi yabisi, mswaki wa kawaida unamshinda kushika vizuri, kwa hiyo mwanawe aliyeko Dodoma kikazi akamnunulia wa umeme kupitia simu. Wazo lilikuwa zuri kabisa. Kwa mtu mwenye mikono ya namna hiyo, au aliyepata kiharusi, mswaki wa umeme ni msaada mkubwa.

"Shikamoo mama, tatizo nini?"

"Marahaba mwanangu. Huu mswaki unanichoma. Yule muuzaji aliandika kwamba damu ikitoka ni uchafu unatoka, niendelee tu."

Nilipomulika, ufizi wa nyuma, chini kulia, ulikuwa umevimba sehemu moja tu, mwekundu, ukiguswa unatoa usaha. Nikasafisha taratibu, nikaingiza kibano, nikatoa unywele wa mswaki, wa bluu, umezama kati ya jino na ufizi. Pembeni yake kulikuwa na mwingine.

Nikamwomba aniachie ule mswaki niuangalie, akakubali. Ukishika nywele chache kwa kibano na kuvuta, zinang'oka kwa fungu. Kwenye lenzi ya kukuza unaona ncha zimekatwa kwa pembe kali, wakati mswaki uliotengenezwa vizuri nywele zake zinasagwa ncha ziwe mviringo ili zisichane ufizi. Boksi limeandikwa jina la kampuni moja, mswaki wenyewe una umbo la kampuni nyingine! Na hapa ndipo mahali rahisi pa kuwakamata. Oral-B wa umeme unaojulikana zaidi una kichwa kidogo cha duara kinachozunguka kwenda na kurudi. Sonicare kichwa chake ni kirefu kama cha mswaki wa kawaida, kinapepea kushoto na kulia takriban mara 31,000 kwa dakika. Ule wa mama haukuzunguka wala kupepea, ulikuwa unatetemeka tu kama simu iliyowekwa kimya. Ukiugusa kwenye jino, unasimama.

Miswaki ya kuchaji ya kampuni hizi pia ina saa ndani yake. Kwa kawaida inakuashiria kila sekunde 30 uhamie robo nyingine ya kinywa, na inakujulisha dakika 2 zikitimia. Kwenye feki hii hamna, ingawa boksi linasema ipo. Mpira wa kuziba tundu la chaji ulikuwa umeachia na ndani tayari kuna kutu. Kitu hicho kinakaa bafuni, kwenye maji, mkononi mwa mama mzima.

Jamani, umeme wenyewe nao tuuangalie. Chaja nyingi za miswaki hii, hata za halali, zinakuja na plagi ya pini mbili kwa sababu zilitengenezwa kwa soko la Ulaya au kwa soketi za bafuni za Uingereza. Najua tunavyofanya: tunachomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili plagi iingie. Tusifanye hivyo, na bafuni ndiyo kabisa tusithubutu. Tafuta adapta nzuri, chaji chumbani mikono ikiwa mikavu. Na usome maandishi madogo kwenye chaja. Umeme wetu ni volti 230. Kama imeandikwa 100–240V, sawa. Kama ni 110 au 120 tu, hiyo ilikuwa ya Marekani, hapa itaungua.

Sasa kuhusu hizo ahadi zao. Wanasema mswaki "unaondoa ugaga bila kwenda hospitali". Hakuna mswaki unaoondoa ugaga. Mswaki unaondoa ukoga, ule utando laini unaojengeka kila siku. Ukiachwa ukawa mgumu ukashikana na jino, huo ndio ugaga, na hapo unahitaji vifaa vya kliniki. Wanasema pia unatoa rangi ya kahawia, na kuna pakiti ya unga mweusi wanayoiuza pamoja nao. Wanaoumia zaidi hapo ni ndugu zetu waliokulia Arusha, Meru na Kilimanjaro, ambao madoa yao yametokana na floridi nyingi ya maji ya kule wakati meno bado yanaumbika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo vya kule vinavyopita hapo. Doa hilo limo ndani ya jino lenyewe. Ukisugua na unga wa mkaa unakwangua jino, doa linabaki palepale. Zipo njia za kulipunguza kitaalamu, nenda ukaulize daktari wa kinywa na meno.

Kuhusu damu, muuzaji alichukua nusu ya ukweli akaifanya silaha. Ni kweli fizi zinazovuja damu mara nyingi zina uvimbe uliotokana na ukoga, na hupaswi kuacha kupiga mswaki, uendelee kwa upole. Lakini maumivu ya kuchoma, uvimbe wa sehemu moja, usaha, au damu inayoendelea zaidi ya wiki mbili, hayo ni ya kwenda kliniki.

Sitaki mtu aogope mswaki wa umeme. Unafanya kazi. Mapitio ya 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 56 na kukuta kwamba, ukilinganisha na mswaki wa mkono, wa umeme ulipunguza ukoga kwa asilimia 11 katika mwezi mmoja hadi mitatu, na asilimia 21 baada ya hapo. Faida ipo, ila si ya miujiza. Mswaki laini wa kawaida, ukiutumia dakika 2 asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi, unakutosha. Tema povu, usisukutue na maji mengi, ili floridi ibaki kwenye meno. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno. Kama bajeti ni ndogo, mimi ningechagua mswaki huo wa kawaida kuliko feki yoyote, bila kufikiri mara mbili.

Ukiamua kununua wa umeme, nunua mahali unapoweza kurudi: duka la dawa kubwa, supamaketi, duka lenye mlango na risiti ya EFD yenye jina la mfanyabiashara. Fungua boksi palepale, uwashe, ugandamize kichwa kwenye kucha uone kama kinasimama. Uliza kama vichwa vya kubadilisha vinapatikana, maana kinatakiwa kibadilishwe kila miezi 3 au mapema nywele zikitanuka, na vichwa feki navyo vimejaa. Na ukiutumia usisugue. Uweke kwenye mpaka wa jino na ufizi, uache ufanye kazi, uhamie jino linalofuata.

Namba za hawa watu zitumeni kwenda 15040, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na masuala ya ubora ni TBS, shirika la viwango. Pesa ikishatumwa, piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako saa hiyohiyo, usisubiri kesho, kisha nenda polisi na ujumbe wa muamala na picha za mazungumzo. Usifute kitu, hata kama umekasirika.

Kama tayari unao nyumbani na umeanza kuutumia, uache leo. Angalia kichwa kama kina mapengo ya nywele. Kama yapo na kuna sehemu kwenye ufizi inachoma, usichokoe kwa sindano wala kijiti, nenda kituo chenye huduma ya meno na uende na mswaki wenyewe ili tuone tunatafuta nini.