OpenWrt kwenye ruta ya stesheneri Sinza: saa ndiyo inayosumbua

Ruta ya stesheneri yangu hapa Sinza inaendeshwa na OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, na sina mpango wa kurudi kwenye programu iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Inahudumia kompyuta za wateja, printa, na simu za wanafunzi wanaokuja kujaza maombi ya mkopo. Ni ruta ya mtumba kutoka Kariakoo, hifadhi megabaiti 16, RAM megabaiti 128. Namba hizo zina maana: mradi wenyewe unaonya watu wasinunue vifaa vyenye hifadhi ya megabaiti 4 na RAM ya 32. Kabla hujamlipa muuzaji, geuza ruta usome modeli na toleo lake kwenye kibandiko, kisha uitafute kwenye orodha ya vifaa ya OpenWrt. Ruta mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa.

Sasa saa. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya saa, kwa hiyo umeme ukikatika zinapoteza tarehe. OpenWrt ikiwaka hutafuta faili lililobadilishwa mwisho kwenye folda ya mipangilio, /etc, huchukua tarehe ya faili hilo kama ndiyo ya leo, kisha huuliza seva za muda mtandaoni ili ijisahihishe. Kama hujagusa mipangilio tangu Machi, ruta inaamka ikiamini ni Machi. Kwa kawaida hilo halina madhara, muda si mrefu inajirekebisha.

Balaa linaanza ukiwa umewasha DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) iliyofichwa kwa TLS, njia ya kusimba mawasiliano, na mimi nimeiwasha kwa sababu wateja wangu hujaza taarifa zao nyeti hapa. TLS hukagua cheti, yaani kitambulisho cha seva chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Cheti kilichotolewa Juni, mbele ya ruta inayoamini ni Machi, hakijaanza kutumika, hivyo kinakataliwa. DNS ikigoma, ruta haiwezi kujua seva ya muda iko wapi. Isipopata muda, cheti kitaendelea kukataliwa. Simu zinaonyesha waifai imeshika lakini hakuna kinachofunguka, na mwanafunzi yuko katikati ya fomu siku ya mwisho ya maombi. Kuzima na kuwasha hakusaidii, maana ruta inarudi kwenye Machi ileile.

Dawa yake ni mstari mmoja. Kwenye mipangilio ya DNS, mahali pa kuandika seva za kupelekea maswali, ongeza:

/pool.ntp.org/8.8.8.8

Hapo ruta itauliza majina ya seva za muda kwa njia ya wazi, na maswali mengine yote yatabaki yamefichwa. Tangu niuweke, umeme ukirudi intaneti inarudi nayo bila mimi kushika kitu.

Tatizo hilohilo la saa huwasumbua wanaopanga ruta ijizime na kujiwasha kila alfajiri, tuseme saa kumi na nusu. Inaweza kuamka ikiwa na muda ulio nyuma kidogo ya saa hiyo, ikaifikia tena, ikajizima tena, mfululizo. Maelekezo ya mradi yana mstari mzuri wa kuweka kwenye ratiba:

30 4 * * * sleep 70 && touch /etc/banner && reboot

Inasubiri dakika ipite, inaweka tarehe mpya kwenye faili moja la /etc, ndipo inajiwasha upya.

Mengine ni mepesi. Waifai kwa kawaida huja imezimwa, kwa hiyo uwe na waya wa mtandao siku ya kwanza. Na kama ruta ya mtoa huduma wako inatumia 192.168.1.1, itagongana na OpenWrt, ambayo nayo huanza na anwani hiyohiyo. Ibadilishe ya kwako iwe 192.168.2.1.

Kilichonifanya niipende ni SQM, kipengele kinachosimamia foleni ya data kwenye ruta. Zamani mtu mmoja akipakia video, wengine wote walikwama. Sasa nimeipa ruta kama asilimia 90 ya kasi niliyopima, na foleni inagawanywa kwa haki. Ila zima kile kipengele cha kuharakisha pakiti kiitwacho flow offloading, kwa sababu pakiti zinazopitia huko zinairuka SQM na utadhani haifanyi kazi. Kwenye faiba matokeo ni mazuri sana. Kwenye 4G siwezi kuisifia hivyo, kwani kasi inapanda na kushuka mchana kutwa na namba moja haitoshi. Ukiwa huko, weka kasi ya jioni, wakati watu ni wengi.

Usisasishe vifurushi vyote vya programu za ruta kwa mkupuo. Toleo la zamani la kifurushi hubaki kwenye sehemu isiyofutika ya hifadhi, kwa hiyo nafasi inaisha, na ruta inaweza kugoma kuwaka. Pandisha toleo zima kwa faili lake, baada ya kupakua nakala ya mipangilio kwenye kompyuta. Mimi hufanya hivyo usiku nikishafunga, ruta ikiwa kwenye UPS, maana umeme ukikatika wakati programu inaandikwa, hapo ndipo ruta inapokufa.