ChromeOS Flex kwenye laptopu zangu za mtumba: miezi mitatu ya steshenari

Steshenari yangu ipo Morogoro, mitaa ya Msamvu, na ina laptopu tatu, zote za mtumba. Mbili ni Core i3 za zamani, memori GB 4, diski ya kuzunguka. Nikiziwasha saa moja asubuhi nilikuwa na muda wa kufagia, kupanga rimu na kuagiza chai kabla Windows 10 haijakubali kufungua chochote. Mteja yupo dirishani: "Dada, bado tu?" Fundi wangu alishatoa hukumu, tuziuze spea. Windows 11 nayo haizitaki mashine za umri huu, na Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Ndipo nikajaribu ChromeOS Flex. Ni mfumo endeshi wa Google unaokaa badala ya Windows, ni wa bure, na ulitoka rasmi Julai 2022 baada ya Google kuinunua Neverware, kampuni iliyokuwa ikitengeneza CloudReady, mfumo wa namna hiyohiyo. Ukiiwasha, unachokutana nacho ni brauza ya Chrome na vitu vichache pembeni. Inataka prosesa ya Intel au AMD ya biti 64, memori GB 4 na nafasi ya GB 16.

Kuiweka si kazi ya fundi. Flashi ya GB 8, kiendelezi (kiprogramu cha kuongeza kwenye Chrome) kiitwacho Chromebook Recovery Utility cha kuiweka Flex kwenye flashi, na bando la maana, kwa sababu faili lenyewe si dogo. Kwangu nilibonyeza F12 wakati inawaka, nikachagua flashi. Unaweza kuijaribu humohumo kwenye flashi bila kugusa diski, na laptopu ya kwanza niliijaribu hivyo siku mbili. Ya pili nikajiona mjuzi, nikaenda kuisakinisha moja kwa moja. Flex haikai nyumba moja na Windows. Inafuta diski yote. Mikataba ya kupangisha nyumba niliyokuwa naibadilisha majina tu kwa miaka minne, ikaenda na maji. Onyo lilikuwa limeandikwa pale kwenye skrini, ni mimi sikulisoma.

Kasi sina la kulalamika. Sijamaliza kufungua kufuli la kabati, tayari inaniomba paswedi. Tabo tano sita inazibeba vizuri. Ukichanganya na video inaanza kuchechemea.

Kilichonifurahisha zaidi sikukitegemea: hali ya Mgeni (Guest), yaani mtu kutumia mashine bila kuingia kwa akaunti yangu. Msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, vijana wanafungua barua pepe zao kwenye mashine yangu, wakimaliza wanaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Nilikuwa nakuta mambo ya watu asubuhi mpaka naona aibu. Sasa kila mteja anaingia kama Mgeni, akimaliza nafunga, hakuna kinachobaki. Hakuna kabisa, hata alichopakua. Binti mmoja alijaza fomu yake karibu saa nzima, akaipakua, nami kwa haraka nikafunga kabla sijaichapa. Alinitazama tu. Bahati nzuri aliingia tena akaipakua upya, ila kopi zake siku hiyo zilikuwa bure.

Halafu flashi za wateja. Mnaofanya kazi hii mnajua: mtu anachomeka, mafaili yote yamegeuka shotikati, na Windows yako nayo inaumwa. Kwenye Flex virusi hivyo vya Windows havipati pa kuanzia, na mara mbili nimeona shotikati zimejipanga huku mafolda halisi, yaliyokuwa yamefichwa, yako pembeni yanaonekana. Mteja anadhani nimefanya uchawi.

Printa ndiyo iliyonitesa. Ile ya kisasa inayotumia Wi-Fi ilikubali papo hapo. Ile kubwa ya waya, ninayoitegemea kwa kurasa nyingi, haikukubali hata nilipozunguka mipangilio jioni nzima. Ningeichomeka wakati bado najaribu kwenye flashi ningejua mapema. Chomekeni zenu kwanza. Jingine, ripoti za fildi za wanachuo zilizoandikwa kwa Word zinafunguka, lakini jedwali linahama na namba za kurasa zinaruka, na mwanachuo anayewasilisha kesho hataki kusikia hayo. Play Store haipo, kwa hiyo msitegemee programu za simu. Google Docs bila intaneti inawezekana, ila uiwashe mapema ukiwa bado na bando.

Kwa hiyo laptopu ya tatu nimeiacha na Windows yake, imefungwa kwenye printa kubwa, kwa ajili ya ripoti, picha za pasipoti na kadi za harusi. Hizi mbili zinafanya kila kinachofanyika kwenye tovuti, yaani zaidi ya nusu ya kazi zangu za siku. Yule fundi wa spea ameazima ile flashi. Wiki ya pili sasa, hajairudisha.