Fender Rumble 40: amplifaya ya besi ninayopanda nayo daladala

Mwalimu wangu wa besi, mzee aliyepiga dansi kwenye kumbi za Dar es Salaam tangu ujana wake, ana kipimo kimoja tu cha amplifaya. Anapiga uzi wa A ukiwa wazi, anauacha ulie mpaka uishe wenyewe. Kisha anabana fureti ya tano, yaani kile kijichuma cha tano shingoni mwa gitaa, kwenye uzi wa E, anapiga mara moja, ananyamaza. Halafu anakutazama. "Umesikia, mwanangu?" Kama hukusikia tofauti yoyote, anachomoa waya na kuanza kufunga gitaa lake.

Noti zote mbili ni A, hezi 55 kila moja, yaani mitetemo 55 kwa sekunde. Lakini uzi wazi una mwangaza na unalia muda mrefu, wakati ule uliobanwa ni mnene, mzito, na unazima mapema. Mpiga besi anachagua kati ya hizo mbili makumi ya mara katika wimbo mmoja. Amplifaya ikizifanya zifanane, imekunyang'anya nusu ya ulichojifunza. Kwa hiyo ninachokitafuta kwenye amplifaya ya kubeba ni sauti ya asili, na kwa hilo sina maana ya sauti nzuri. Nina maana kwamba kinachotoka kwenye spika ni kile vidole vyangu vilichofanya: kama nimepiga karibu na shingo isikike hivyo, kama nimesogea kwenye daraja isikike hivyo, na kama nyuzi zangu ni kuukuu msikilizaji azisikie ukuukuu wake.

Naandika haya kwa sababu niliwahi kukosea, na kukosea kwenyewe kulikula pesa ya miezi mingi. Amplifaya yangu ya kwanza ya kubeba niliinunua Kariakoo, ya kampuni ambayo sitaitaja. Dukani ilinishika. Muuzaji aliwasha, akapiga noti mbili, vioo vya kabati vikatetemeka. "Kaka, hii inapiga balaa!" Na kweli ilipiga balaa. Chumbani kwangu, peke yangu, ilikuwa tamu kama redio ya gari jipya.

Jumamosi ya tatu nikaenda nayo kwenye harusi. Gitaa mbili, tumba, dramu, waimbaji wawili. Tulipoingia wimbo wa kwanza nilijiona napiga lakini sijisikii. Nikaongeza sauti, meza ya keki ikaanza kutetemeka, na bado noti hazikusikika, ulikuwa mngurumo tu chini ya miguu. Mjomba wa bibi harusi akaja mpaka mbele, akainama, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Kijana, besi iko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimsimulia mwalimu kesho yake, naye akasema hiyo haikuwa besi, ilikuwa ngurumo.

Nilikuja kuelewa baadaye. Amplifaya ile ilikuwa imetengenezwa kupunguza sauti za kati na kupandisha za chini na za juu, na hakukuwa na kitufe cha kuizuia tabia hiyo. Ukiwa peke yako unaipenda, kwa sababu sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini zinapopigwa kwa sauti ndogo, hivyo kuzipandisha kunaleta raha. Lakini bendi ikianza, sauti za chini zinamezwa na dramu na mwangwi wa ukumbi, za juu zinamezwa na magitaa, na mahali pekee ambapo besi inasikika kama noti, pale katikati, umeshapachimba shimo. Kwa muziki wetu hilo ni pigo kubwa zaidi. Besi ya dansi haitembei mfululizo. Inasema maneno matatu, inaacha nafasi tumba ijibu, inarudi. Mngurumo hauwezi kuacha nafasi, unajaza kila mahali.

Sasa nina Fender Rumble 40, na nimeshaibeba vya kutosha kuisemea. Ina wati 40, spika moja ya inchi 10, na uzito wa kilo 8 na kidogo. Kilo hizo ndizo zilizonivuta kwanza. Gitaa mgongoni, amplifaya mkono wa kulia, nauli mkono wa kushoto, na kwenye daladala inakaa kati ya miguu bila kumkera jirani. Anayeishi kwa bajaji na daladala anajua kwamba kilo 8 na kilo 20 si tofauti ya tarakimu. Ni tofauti kati ya kukubali mwaliko na kuukataa.

Lakini uzito pekee usingenitosha. Juu yake kuna vitufe vitatu vya kubadilisha rangi ya sauti. Kimoja kinaongeza makali ya juu, kimoja kinajaribu kuiga joto la amplifaya za zamani za valvu, na cha tatu, kilichoandikwa Contour, kinachimba shimo lilelile la sauti za kati nililolisimulia. Tofauti ni kwamba hapa kinazimika. Nikizima vyote vitatu, nikazima na ile sehemu ya kukwaruza sauti, nikaweka nobu zote nne za ikwalaiza, zile za kupanga sauti za chini, za kati na za juu, katikati, ninalisikia gitaa langu. Na nobu hizo kuwa nne ni neema, kwa sababu sauti za kati zimegawanywa mbili, za kati-chini na za kati-juu. Kwenye ukumbi wa bati wenye sakafu ya saruji ninapunguza kati-chini kidogo, unene unaoziba unaondoka, na noti zinabaki na nyama yake. Amplifaya zenye nobu tatu zinakulazimisha kugusa kati yote kwa pamoja.

Nilimpelekea mwalimu. Akapiga A wazi, akasubiri. Akapiga A ya fureti ya tano. Hakusema kitu, akaendelea kupiga kwa karibu saa nzima. Kitu nilichokisikia siku ile, na ambacho kwenye amplifaya ya kwanza sikuwahi kukisikia, ni namna anavyouzima uzi kwa kiganja kabla ya kupiga noti inayofuata. Kuna mguso mdogo pale, kama mtu anayeweka kikombe juu ya meza, tap, halafu noti. Mguso ule ndio unaoifanya besi yake icheze, na ulitoka kwenye spika kama alivyoupiga.

Kuna mambo ambayo haitaweza, na si kwa ubaya wa mtengenezaji. Uzi wa E ukiwa wazi unatoa hezi 41. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8, refu kuliko sebule nyingi. Tena, ukishuka oktava moja, yaani hezi zikipungua nusu, spika ileile inatakiwa isogee mara nne zaidi mbele na nyuma ili sauti ibaki na nguvu ileile. Spika ya inchi 10 ndani ya kisanduku chepesi haiwezi kufanya kazi hiyo kwa sauti kubwa. Kinachotuokoa ni sikio lenyewe: likisikia sauti za juu zinazoambatana na noti, hezi 82, 123, 164, linaijaza ile ya chini kwa kichwa. Ndiyo sababu besi inatambulika hata kwenye simu. Kwa hiyo ukitaka kuisikia E kifuani, usimlaumu mtu, tafuta sanduku kubwa na watu wa kulibeba.

Wala usidhani kuongeza wati kunaleta miujiza. Kutoka wati 40 kwenda 80 ni desibeli 3 tu, ongezeko ambalo mwenzako jukwaani atalitambua kwa shida. Ili watu waseme sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama mara kumi ya nguvu. Pamoja na dramu ya fimbo nzito, wati 40 hazitoshi, na mimi sizilazimishi. Nyuma ya Rumble 40 kuna tundu la XLR, lile la pini tatu kama la waya wa maikrofoni, la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye mikisa. Fundi mitambo anachukua waya wake, spika za ukumbi zinabeba besi, na amplifaya yangu inabaki kunisikilizisha mimi na mpiga tumba. Ndugu yake mdogo, Rumble 25, hana tundu hilo. Anafaa sana kwa mazoezi ya nyumbani, ila kwa anayepiga kwenye kumbi ningemshauri aongeze hela kidogo afike kwenye 40.

Kwa sherehe ndogo za uani, kwaya ya watu ishirini bila dramu, au gitaa mbili na sauti, inatosha peke yake. Naiweka juu ya kreti la soda, mbali na kona. Ukiiweka sakafuni ukutani, ukuta na sakafu vinaongeza sauti za chini bila kukuomba ruhusa, na ule mngurumo unarudi. Nikiwa uwanjani wazi nafanya kinyume, naishusha chini nikiutafuta huo ukuta.

Inataka umeme. Haina betri. Kwa wanaopiga ufukweni au mahali umeme unapokatika kila jioni, Roland walitengeneza Micro Cube Bass RX, kitu kidogo chenye spika nne za inchi 4 kinachokubali betri ndogo sita za kawaida. Haina nguvu ya kushindana na mtu yeyote, lakini kwa mazoezi chini ya mwembe inafaa. Na mwenye fungu kubwa zaidi, anayeitafuta sauti ya asili kuliko kitu kingine, asikilize amplifaya za Phil Jones, Mwingereza aliyebuni spika za kusikilizia muziki nyumbani kabla ya kugeukia besi. Double Four yake ina spika mbili tu za inchi 4, lakini nilipoipiga kwa mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua moja. Usafi wake ni wa kutisha kidogo, kila kosa la kidole linatoka nje. Anayepiga besi isiyo na fureti, au ile kubwa ya kusimama ya taarab, angeanzia hapo.

Hamu hii ya kubeba sauti bila kuiharibu si mpya. Fender walitoa besi yao ya umeme mwaka 1951, na mwaka uliofuata wakalazimika kutoa amplifaya yake. Jina la Ampeg, kampuni ya amplifaya za besi, lilitokana na kipaza sauti ambacho Everett Hull, mpiga besi ile kubwa ya kusimama, alikiingiza ndani ya kigingi, kwa Kiingereza peg, cha ala yake. Alichokitaka ni besi ileile, isikike mbali zaidi.

Ukienda kununua, nenda na gitaa lako na waya wako. Gitaa la dukani lina nyuzi mpya zinazong'aa, nalo litakudanganya. Mwambie muuzaji kwa upole akuachie uweke nobu mwenyewe: zote katikati, vitufe vyote vimezimwa. Piga polepole, sauti ndogo, kisha sauti utakayoitumia kweli. Fanya kile kipimo cha A mbili. Kisha geuza amplifaya usome nyuma. Marekani Rumble 40 mpya iko kati ya dola 200 na 300, na ndugu walioko huko hutusaidia kuzileta, ila nyingi za kule zimeandikwa volti 120. Umeme wetu ni 230. Ukiichomeka bila kigeuzi, hutapata nafasi ya kuipiga mara ya pili. Waombe watafute ya volti 230 tangu mwanzo.

Mfuko haukuja nayo, kwa hiyo nilimshonesha fundi cherehani wa mtaani kwetu. Turubai la kijani nje, blanketi kuukuu ndani, mkanda mpana wa begani uliotoka kwenye begi la shule la mwanangu, na mfuko mdogo ubavuni kwa waya wa umeme na waya wa gitaa wa akiba. Mvua ya Aprili imeshaipiga mara mbili njiani, na ndani haikuingia hata tone.