Viatu Vyepesi vya Kukimbilia kwa Mkimbiaji wa Tanga: Ulizia Jasho Kabla ya Kuulizia Gramu

Tangu kaskazi ilipoanza kuvuma, malalamiko ninayoyapokea kutoka kwa wakimbiaji wenzangu wa hapa Tanga yamekuwa ya aina moja, ingawa kila anayelalamika anadhani yamemfika yeye peke yake. Mtu amejinyima, amenunua viatu vyepesi vilivyosifiwa kwamba havizidi gramu 220, amevijaribu dukani na kuona kweli mguu hauna mzigo, kisha Jumapili amevivaa kwa mbio ndefu ya kuelekea Pongwe. Kabla hajafika mbali viatu vimejaa jasho, vinalia maji kila anapokanyaga, na vidole vimeanza kuchubuka. Dada mmoja wa Chumbageni aliniambia kwa uchungu kwamba raba zake za zamani, ambazo uzito wake ulioandikwa ni mkubwa kuliko wa hivyo vipya, zilikuwa nyepesi zaidi wakati wa kurudi nyumbani. Hakutia chumvi hata kidogo.

Kwa sababu hiyo, katika mwongozo huu sitasema mengi kuhusu saizi, rangi wala umbo la unyayo, kwani hayo muuzaji yeyote atakueleza hata kama hukumuuliza. Nitavipanga viatu kwa kutanguliza kigezo kimoja ambacho wanaoandika kuhusu viatu hukipita kama hawakukiona, nacho ni kiasi cha jasho ambacho kiatu hukibeba baada ya saa moja ya kukimbia katika hewa ya pwani.

Uzito unaotangazwa na kampuni ni wa kiatu kikavu, tena wa saizi moja tu, ambayo kwa kawaida ni ya kati ya wanaume. Watafiti wa mbio wamepima na kuona kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu humgharimu mkimbiaji takriban asilimia moja zaidi ya nguvu, na hapo ndipo biashara nzima ya viatu vyepesi ilipojengwa. Hesabu hiyo, hata hivyo, haiulizi gramu hizo zimetokana na mpira, kitambaa au maji. Anayelipa fedha nyingi ili aokoe gramu 50, kisha akaziachia gramu hizohizo zirudi kwa njia ya jasho, amelipia hewa. Hapa kwetu, hasa kati ya Desemba na Machi, unyevu wa bahari ni mwingi kiasi kwamba jasho halipati nafasi ya kukauka mwilini. Huteremka mgongoni, likapita mapajani na kwenye mashavu ya miguu, likaingia katika soksi na kuishia kiatuni. Anayefanya mazoezi Arusha au Mbulu hawezi kuijua adha hii vizuri, na anayeandika kutoka nchi za baridi ndiyo kabisa.

Mabingwa wanaijua. Mwaka 2017 Eliud Kipchoge alishinda mbio za marathoni za Berlin kwa saa 2:03:32 siku ya mvua na unyevu mwingi, akiwa amevaa viatu vya Nike ambavyo sehemu ya juu ilikuwa ya kufumwa. Baada ya mbio hizo aliwaambia watengenezaji kwamba viatu vilishika maji vikawa vizito, na mwaka uliofuata alishinda London akiwa amevaa toleo ambalo kitambaa chake cha juu hakikufumwa, bali kilichapwa kwa mashine kwa nyuzi za plastiki ili maji yasipate pa kukaa. Toleo la kawaida lililofuata mwaka 2019, Vaporfly Next%, lilipewa kitambaa ambacho kampuni hiyo ilidai kinafyonza maji pungufu kwa asilimia 93 kuliko kile cha kufumwa. Ikiwa mtu anayekimbia kilomita 42 kwa muda wa saa mbili na dakika chache aliona maji ya kiatu yanamchelewesha, sisi tunaokaa barabarani saa nne na zaidi tuna kila sababu ya kuyahesabu.

Mimi hutumia mizani ya jikoni ninayopimia unga. Huweka kiatu kimoja kikiwa kikavu, nikaandika, kisha nikakipima tena mara tu ninaporudi kutoka Raskazone, kabla sijafungua hata gidamu za kile kingine. Kiatu kimoja cha kufumwa, ambacho sokoni kinasifiwa kwa kukumbatia mguu, kilirudi kikiwa kimevuka uzito wa raba nene za mazoezi nilizokuwa nimeziacha barazani. Nilipoichomoa soli yake ya ndani na kuikandamiza kwa kidole gumba, maji meupe yenye mapovu yalitoka pembeni na kuchuruzika hadi kwenye kiwiko. Povu la soli ya kati, lile tabaka nene linalobeba mguu, halina kosa, maana vitundu vyake vimezibwa na maji hayapiti kwa urahisi. Wakosaji ni soli ya ndani iliyotengenezwa kwa povu la matundu wazi, ulimi uliojazwa sponji, mto unaozunguka kisigino, na kitambaa kinene cha kufumwa ambacho nyuzi zake huvuta maji. Soksi za pamba humaliza kazi iliyobaki, na ningependa kila anayezivaa kwa mbio ndefu aache leo.

Unapokuwa dukani, kiinue kiatu kuelekea mwangaza, uingize mkono ndani na utazame kama unaviona vidole vyako kupitia sehemu ya mbele. Weka mdomo juu ya kitambaa na upulize. Pumzi isipotokea upande wa pili, jasho nalo halitatokea. Ubonyeze ulimi na mto wa kisigino ujue vina sponji kiasi gani, kisha uchomoe soli ya ndani uitazame upande wa chini. Hapo ndipo utakapogombana na muuzaji. Nimewahi kunyang'anywa kiatu mkononi na kuambiwa kwamba nakiharibu, ilhali soli ya ndani ya viatu vingi huwekwa tu, na hata ile iliyogandishwa kidogo huonekana ukingoni bila kung'olewa. Muuzaji asiyekubali mteja atazame ndani ya kitu cha laki kadhaa hastahili fedha hizo.

Sasa nije kwenye mpangilio wangu. Sifichi kwamba naegemea Adidas, hususan familia yao ya Adizero, na sababu yangu haitokani na matangazo. Viatu hivyo vimekuwa na kitambaa chembamba na ulimi usio na mto kwa miaka mingi, tangu enzi ambazo Haile Gebrselassie aliweka rekodi ya dunia ya 2:03:59 kule Berlin mwaka 2008 na Dennis Kimetto akaweka 2:02:57 palepale mwaka 2014, wote wakiwa ndani ya Adizero.

Nafasi ya kwanza naipa Adizero Evo SL. Uzito wake ni takriban gramu 220, soli yake ya kati imetengenezwa yote kwa povu lilelile ambalo kampuni hiyo huliweka katika viatu vyake vya mashindano, na hakina bamba la kaboni, kile kipande kigumu kinachofichwa ndani ya soli ili kusukuma mguu mbele, jambo ambalo kwa mazoezi ya kila siku naliona ni faida, kwa sababu mguu unaachwa ufanye kazi yake na kiatu hakimlazimishi mtu mwendo ambao hana. Kwa jasho kinafanya vizuri kuliko vyote nilivyovipima vya bei yake: mwangaza unapita mbele, ulimi ni kama karatasi, na lawama yangu pekee ni mto wa kisigino, ambao ungeweza kupunguzwa nusu bila mtu kulalamika. Unaweza kukifanyia mazoezi wiki nzima na kukishindania nusu marathoni Jumapili. Tatizo lake la pili ni kwamba ulimi mwembamba hauvumilii kukazwa kupita kiasi; anayefunga gidamu kama anafunga mzigo wa baiskeli atapata alama juu ya mguu.

Cha pili ni Adizero Adios, kiatu cha karibu gramu 200 ambacho kiko chini zaidi, kigumu zaidi na chembamba zaidi. Ni kwa ajili ya mazoezi ya kasi na mbio za kilomita 5 hadi 10. Chini yake umetumika mpira wa Continental, kampuni ya Kijerumani inayotengeneza matairi ya magari, na mtu anayekimbia kipande cha Bombo kwenda Raskazone alfajiri, mvua ya vuli ikiwa imetoka kunyesha na majani yameanguka barabarani, ataithamini kazi ya mpira huo kwenye kila kona. Mwenye mguu mpana asijidanganye kwamba kitatanuka.

Nafasi ya tatu naipa Puma Velocity Nitro, na ningeipa ya juu zaidi kama si uzito wake unaozidi wa hivyo viwili. Mpira wa chini unashika lami iliyolowa kwa namna ambayo hata Adidas hawajaifikia, nami ni mtetezi wao ninayelikiri hilo. Kinadumu, kinasamehe barabara mbovu, na bei yake ni ya chini kuliko ya wenzake wengi. Jasho kinalibeba kwa kiasi, kwa kuwa ulimi na kisigino vimejazwa. Saucony Endorphin Speed kinafuata. Kina bamba la nailoni badala ya kaboni, kwa hiyo kinasukuma bila kuadhibu, nacho ni chaguo jema kwa anayetaka kiatu kimoja cha kasi kwa mbio ndefu, ila kukipata hapa nchini kwa saizi yako ni bahati nasibu.

Nike Vaporfly naiweka ya tano, na najua nitapingwa. Kwa upande wa jasho ni kiatu bora kwa historia niliyoieleza hapo juu, na kwa mashindano hakuna ubishi kwamba kina kasi. Lakini huko Marekani kinauzwa dola 250 na zaidi, povu lake hulegea mapema, na faida ya bamba hupungua kadiri mwendo unavyopungua. Anayemaliza marathoni kwa saa tano anunue Evo SL na fedha inayobaki alipie nauli na malazi ya mashindano. Kuhusu Adizero Adios Pro Evo 1, kile cha gramu 138 ambacho mwanariadha wa Ethiopia Tigst Assefa alikivaa alipokimbia Berlin kwa 2:11:53 mwaka 2023, nakitaja ili ieleweke kwamba upendeleo wangu una mipaka: dola 500 kwa kiatu ambacho watengenezaji wenyewe walisema kimekusudiwa shindano moja ni mzaha.

Asics Novablast wengi hunitaka nikiweke juu, nami nakataa. Ni kitamu dukani, kinadunda vizuri, na kwa anayekimbia kwenye baridi sina neno. Hapa Tanga huo utamu wote unageuka kuwa beseni la jasho.

Bei nayo inahitaji kusemwa. Evo SL huko Marekani iliingia sokoni kwa dola 150. Mpaka ifike Kariakoo imelipiwa usafiri, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, hayo nayaelewa. Nisichokielewa ni muuzaji anayeweka picha nzuri mtandaoni bila bei, akaandika "bei njoo inbox", kisha akakadiria bei kwa kutazama picha yako ya wasifu. Nimeulizia kiatu kilekile mimi na mdogo wangu siku hiyohiyo, kwa muuzaji huyohuyo, tukapewa bei mbili tofauti. Ukituma fedha, kiatu kinapakiwa kwenye basi la Tanga, na kikifika si saizi yako utaambiwa gharama za kurudisha ni zako. Mwingine hujitetea kwamba viatu vyake ni halisi kwa kuwa vimeandikwa vimetengenezwa Vietnam. Ni kweli kwamba viatu vingi vya Adidas na Nike hutengenezwa huko, na anayechapisha lebo za kopi anaufahamu ukweli huo kuliko sisi. Mdai muuzaji picha ya lebo ya ndani ya ulimi, picha ya soli ya ndani ikiwa imechomolewa, na picha ya kiatu kikiwa juu ya mizani. Akikataa hata moja, tafuta mwingine.

Mitumba ya Ngamiani ina vitu vizuri kwa anayejua kuchagua. Bonyeza soli ya kati kwa kidole, na ikiwa ngumu au ina mikunjo mingi ubavuni, iache. Kopi sizijadili.

Anayejiandaa kwa mbio za Kilimanjaro kule Moshi, ambazo hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mazoezi yake yote mazito yataangukia katika joto letu baya kuliko yote, kwa hiyo anunue kabla ya Krismasi, wakati bado ana nafasi ya kubadilisha saizi. Viatu vikirudi vimelowa, avichomoe soli za ndani, avijaze magazeti na kuviweka kivulini penye upepo. Jua kali la mchana huchosha gundi. Na kama mfuko unaruhusu jozi mbili, ya pili iwe Evo SL nyingine badala ya kiatu cha kaboni, maana wakati wa masika jozi moja haikauki hadi alfajiri inayofuata.